Walinzi wa Lango la Pumzi

Ndugu wasikilizaji, wiki hii nataka tuzungumze habari za waganga wasiotajwa sana: waganga wa masikio, pua na koo. Wengi wetu huwakumbuka siku mwiba wa samaki unapomkwama mtoto. Lakini ukisoma historia ya magonjwa ya kuambukiza utaona kwamba hawa ndio walinzi wa lango. Adui aingiaye kwa pumzi wao humwona mapema, na mara nyingi huwapiga wao kwanza.

Jambo hili halikuanza na korona. Katika karne ya 19 watoto wengi wa Ulaya walikufa kwa dondakoo, ugonjwa unaotandaza utando kooni hadi mtoto akakosa hewa. Mwaka 1825 daktari Mfaransa, Pierre Bretonneau, alimtoboa koo mtoto wa miaka 4, akatia mrija, na mtoto akapona. Tangu hapo tundu la koo likawa tiba. Lakini mganga afunguaye koo huinama juu ya pumzi ya mgonjwa. Wapo walioambukizwa ugonjwa ule ule wakiwa katika kuokoa watoto wa wenzao.

Kwetu Kanda ya Ziwa somo lilikuja na UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Na dalili nyingi zilijitokeza pale pale langoni: utando mweupe mdomoni na kooni, tezi za shingo zilizovimba, mashavu yaliyojaa kwa uvimbe wa tezi za mate. Waganga wakajifunza kutomgusa mgonjwa bila glovu, na kutorudia chombo kabla ya kukitakasa. Wakapata pia sababu mpya ya kuwakanya wakata vimeo, ambao wembe mmoja kwao uliweza kupita katika makoo ya watoto kadhaa.

Kisha ikaja korona. Tarehe 11 Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilisema huu sasa ni ugonjwa wa dunia nzima, na tarehe 16 mgonjwa wa kwanza akatangazwa kwetu, huko Arusha. Mwezi huo huo waganga wa pua wa Uingereza walitoa tahadhari: kuna watu wanapoteza uwezo wa kunusa ghafla, bila mafua, na huenda ni korona. Serikali yao iliiingiza dalili hiyo katika orodha rasmi tarehe 18 Mei. Walinzi wa lango walikuwa wameiona miezi miwili kabla.

Nao walilipa. Amged El-Hawrani, daktari bingwa wa masikio, pua na koo mwenye asili ya Sudan, alifariki huko Leicester tarehe 28 Machi 2020 akiwa na miaka 55. Alikuwa miongoni mwa madaktari wa kwanza kufa kwa korona nchini Uingereza.

Fikiri kazi yao ilivyo. Mganga hukaa mkabala na mgonjwa, umbali wa shubiri mbili. Humwambia apanue mdomo, na mgonjwa hukohoa usoni pake. Basi ilibidi mambo yabadilike. Dawa ya ganzi iliyokuwa ikipulizwa puani ikawekwa kwa pamba iliyolowanishwa. Mgonjwa wa pua aliachiwa barakoa mdomoni. Anayetobolewa koo, mashine ya kumpumulia ilisimamishwa kidogo wakati koo linafunguliwa, ili pumzi yake isiwarukie watu. Na chumbani wakabaki wachache, wale wenye uzoefu. Upasuaji wa tonsi na mengine yanayoweza kungoja yakangoja. Wengine walihudumiwa kwa simu.

Hapa ndipo nataka tutulie kidogo, kwa sababu neno hilo, "kungoja", lina uzito tofauti kila mahali.

Mjomba wangu alikuwa mchimbaji mdogo huko Geita. Nchi ile ya dhahabu, kutoka Geita hadi Kakola na Kahama upande wa Shinyanga, ni nchi ya vumbi na kelele. Ndani ya duara watu hupumua pumzi moja. Kwenye karasha vumbi la mawe huingia puani, na mngurumo huua masikio polepole. Kikohozi huko si habari. Sauti kukwaruza si habari. Kwa hiyo mjomba alipoanza kukwaruza sauti mwaka 2020, watu walisema ni korona, na wengine wakasema ni vumbi. Takwimu za nchi nzima zilisomwa kwa mara ya mwisho tarehe 29 Aprili, wagonjwa 480 na vifo 16, kisha zikanyamaza kwa zaidi ya mwaka. Kila mtu akawa mganga wa nafsi yake. Mjomba akajifukiza. Mvuke hulegeza kamasi, lakini hauondoi uvimbe.

Hata hivyo alikwenda kwenye kituo kimoja cha afya. Akaambiwa, "Mzee, rudi ugonjwa huu ukishapita." Akatii, akangoja miezi mitano. Usiku aliposhindwa kuvuta pumzi ndipo tulipokodi gari kumpeleka Mwanza. Tulifika Kigongo–Busisi tukakuta foleni ya kivuko. Sitasahau mlio wa koo lake wakati tunangojea zamu yetu. Ng'ambo ya pili walimtoboa koo, wakampa pumzi. Uvimbe ulikuwa umeshajaa kwenye kisanduku cha sauti. Aliishi mwaka mmoja zaidi, akisema nasi kwa kuziba lile tundu kwa kidole.

Ndugu wasikilizaji, sisemi waganga walikosea kuahirisha. Wangeahirisha kidogo, wangezikwa wengi zaidi. Nasema kungoja ni dawa pale tu mtu anapoambiwa wazi nani asingoje. Sauti iliyokwaruza zaidi ya wiki tatu isingoje. Anayemeza kwa shida asingoje. Mtoto anayekoroma akivuta pumzi asingoje hata saa moja. Maneno hayo yangeweza kubandikwa kwenye kila karasha, kwa gharama ya karatasi na gundi.

Tangu tarehe 19 Juni 2025 pana daraja Kigongo–Busisi, na foleni ya kivuko imekwisha. Hilo ni jema, na tunashukuru. Lakini daraja humvusha aliyekwisha kuanza safari. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Mjomba hakuficha. Aliyaonyesha, akaambiwa angoje.

Tukutane wiki ijayo.