Wafokaji wa Nairobi na Historia ya Ushairi wa Kiswahili

Historia za ushairi wa Kiswahili tulizozoea kusomesha huanzia Pwani, hupitia mgogoro wa vina na mizani, na aghalabu hukomea penye mashairi huru. Muziki wa kufoka, yaani hip-hop, ukitajwa hutajwa pembeni. Makala haya yanadai kwamba pengo hilo ni kosa la kihistoria, na kwamba ushahidi uko hapa Nairobi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wengi wa vijana wa mji huu walifoka kwa Kiingereza. Hata Jimmi Gathu, alipowatahadharisha watu juu ya ajali za barabarani, alitumia lugha hiyo. Waliogeuza mkondo ni Kalamashaka, vijana watatu wa Dandora, ambao wimbo wao Tafsiri Hii ulivuma katika nusu ya pili ya muongo huo. Baadaye waliungana na wenzao wa Ukoo Flani wa Mombasa, likapatikana kundi la Ukoo Flani Mau Mau, ambalo albamu yake Kilio cha Haki ilitoka mwaka 2004. Jina la kundi ni somo la historia peke yake: Mau Mau ilipigwa marufuku na wakoloni mwaka 1950, na marufuku hiyo haikuondolewa hadi 2003.

Tuliangalie umbo. Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, wanamapokeo walilalamika kuwa shairi lisilo vina si shairi. Wafokaji hawakuviacha vina. Walivizidisha, wakavitia hata katikati ya mshororo. Kwa kipimo cha wanamapokeo wenyewe, basi, kijana wa Dandora yu karibu zaidi na Muyaka bin Haji kuliko wengi wetu tulioandika mashairi tukiwa vyuoni. Muyaka naye alitunga juu ya siasa na bei za vitu, kwa lugha ya mtaa wake.

Kutoka mdomoni utunzi huu ulihamia kwenye karatasi. Jarida la Kwani?, lililoanza mwaka 2003 chini ya Binyavanga Wainaina, liliifungulia Sheng kurasa zake. Mwaka 2010 kikaja kijitabu cha katuni cha Shujaaz, kilichogawiwa bure ndani ya gazeti, kikiwaeleza vijana habari za kilimo, fedha na uraia kwa Sheng hiyo hiyo. Upande wa magharibi wa mji, Kibera, eneo lililoumia sana katika ghasia za uchaguzi wa 2007, alitoka Octopizzo, ambaye jina lake lina nambari 8 ya matatu ziendazo huko kutoka katikati ya mji. Mwaka 2016 alitoa albamu ya Refugeenius pamoja na wasanii wakimbizi. Sidai kwamba kila mfokaji ni mwalimu. Wengi husifu magari tu, kama vile malenga wengi walivyowasifu matajiri.

Ugumu uko kwingine. Sheng huchakaa upesi: neno la 1997 huenda lisieleweke na mwanafunzi wangu wa leo. Profesa Mohamed Abdulaziz, aliyechapisha uchunguzi wake juu ya Muyaka mwaka 1979, ndiye pia aliyeandika na Ken Osinde juu ya Sheng mwaka 1997. Mwanazuoni mmoja aliyaona yote mawili. Sisi wanafunzi wa wanafunzi wake tumeyatenga katika idara mbili.

Muyaka alifariki mwaka 1840. Beti zake zilisalia kwa kuwa Mwalimu Sikujua wa Mombasa alizikusanya na kuzifafanua, W. E. Taylor akazihifadhi, na diwani ikachapishwa na Hichens mwaka 1940, miaka mia kamili baadaye. Kanda za miaka ya 1990 hazitadumu muda huo. Kazi ya kuzinakili ianze, tena bila kuzisanifisha, maadamu wengi wa watunzi wangali hai na waweza kuulizwa maana ya neno.