Utingo: Shule Isiyo na Karatasi

Historia ya barabara zetu imeandikwa zaidi na waliokaa mbele. Tunayo majina ya mawaziri waliokata utepe, ya makampuni yaliyomwaga lami, hata ya majenerali waliopita na mizinga yao. Aliyekaa juu ya mzigo ameshika kamba ya turubali, vumbi limemjaa kwenye kope, huyo hakuandikwa. Leo nataka kumwandika kidogo, na nitamwandika kutoka Mikese, maana hapa kwetu amepita kwa kila sura.

Mikese ipo kilometa thelathini hivi kabla hujafika Morogoro mjini ukitokea Dar es Salaam. Milima ya Uluguru unaiona kushoto, reli ya kati inapita, na barabara kuu nayo inapita. Kwa miaka mingi wenye malori waliijua Mikese kwa sababu moja tu: mizani. Lori likisimama kwenye foleni ya mizani, dereva anashuka na makaratasi. Anayebaki na gari ni utingo. Anagonga matairi kwa rungu kusikiliza sauti ya upepo, anakaza kamba, anaangalia kama turubali limechanika. Hizo ndizo dakika zake za darasani.

Wengine humwita taniboi. Wazee wa barabara husema jina hilo limetokana na kazi yake ya kwanza, kuzungusha hendeli mbele ya injini mpaka iwake, enzi ambazo gari halikuwa na stata. Hendeli ile ilikuwa na tabia ya kurudi nyuma kwa nguvu na kuvunja mkono. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza, kabla hata gari halijaondoka, hatari ilikuwa mkononi mwa mwanafunzi na ufunguo ulikuwa mfukoni mwa mwalimu.

Hata hivyo utingo hakuanza na gari. Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyamwezi ilipita nchi hii, ikilenga Simbamwene, mji uliokuwa karibu na ilipo Morogoro ya leo. Wageni walioandika habari za Wanyamwezi walishangaa kuona watoto wadogo wamebebeshwa vipembe vidogo vya tembo ili wazoee. Ndiyo ilikuwa shule ya upagazi. Mtoto hakulipwa, lakini alikwenda na baba yake au mjomba wake, alikula chungu kimoja nao, na akiugua njiani kulikuwa na mtu wa damu yake wa kumwangalia. Simaanishi kwamba ilikuwa pepo. Watu walikufa kwa ndui na kwa njaa. Nataka tu msomaji akumbuke huyo mjomba, kwa sababu baadaye tutamtafuta na hatutamwona.

Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Morogoro mwaka 1907, na upagazi wa njia hii ukapungua. Kisha vikaja vita. Waingereza waliingia Morogoro mwishoni mwa Agosti 1916, Wajerumani wakakimbilia kusini kuelekea Rufiji. Hapo Mikese ikapata umaarufu ambao haikuuomba. Ikawa kituo cha kushushia askari na shehena, na kutoka hapa zikasukumwa kwenda Duthumi na Kisaki. Askari wa Nigeria waliofika Desemba 1916 waliletwa kwa treni mpaka Mikese ndipo wakaanza kutembea. Malori ya jeshi yalikuwapo, lakini mvua za 1917 zilipoanza barabara iligeuka tope, na lori likizama kwenye tope huwa ni chuma tu. Mzigo ukarudi kichwani mwa binadamu. Katika vita vile, upande wa Waingereza peke yao waliandikisha wapagazi wapatao milioni moja kwa jumla, na waliokufa, wengi kwa kuhara, homa na uchovu, wanakadiriwa karibu laki moja. Mwindaji maarufu Frederick Selous aliuawa Beho Beho Januari 4, 1917, na kaburi lake lipo mpaka leo na jina limechongwa. Wapagazi waliobeba chakula cha jeshi lake hawana kaburi linalojulikana. Mshahara wa wengi wao haukudaiwa na mtu, kwa kuwa hapakuwa na karatasi ya kuonyesha nani alikuwa nani.

Karatasi. Neno hili litatufuata.

Baada ya vita malori yaliongezeka taratibu, ingawa serikali ya mkoloni haikuyapenda sana sambamba na reli; ilitaka mzigo upande treni yake. Na hapa ndipo utingo wa kweli alipozaliwa. Shule za udereva za kutosha hazikuwapo. Kijana aliyetaka usukani aliingia kwenye lori la Mhindi au la mfanyabiashara mwingine kama mtu wa kupakia na kupakua. Akawa anafua nguo za dereva, anampikia, anachota maji ya rejeta, analala chini ya gari kulinda matairi. Baada ya mwaka, au miaka mitatu, au mitano, siku moja njia ikiwa tupu, dereva anasema: haya, shika. Mwanahistoria Joshua Grace, aliyeongea na madereva na mafundi wetu wengi na kutoa kitabu chake African Motors mwaka 2021, anaonyesha jinsi elimu ya magari nchini ilivyokuzwa na watu wenyewe gereji na barabarani. Nakubaliana naye, na hata naona fahari. Ila fahari isitufanye tusiulize ada ililipwaje.

Ada ililipwa kwa jasho, na wakati mwingine kwa mguu.

Mwendo ulibadilika ghafla mwaka 1965. Novemba 11 mwaka ule Ian Smith alijitangazia uhuru wake wa walowezi huko Rhodesia, na kabla mwaka haujaisha Zambia ikakatiwa mafuta. Mafuta yakaanza kupita kwetu, kwenye mapipa, juu ya malori, kutoka bandari ya Dar es Salaam mpaka Tunduma na ng'ambo yake. Shaba ikateremka kwa njia hiyohiyo. Mwaka 1966 serikali mbili ziliunda kampuni ya pamoja ya malori, Zambia-Tanzania Road Services, na barabara nyingi baada ya Morogoro ilikuwa bado vumbi wakati wa kiangazi na utelezi wakati wa masika. Waandishi wa magazeti wa ng'ambo waliiita njia ya jehanamu. Bomba la TAZAMA lilifunguliwa 1968, TAZARA ikakabidhiwa 1976, na katikati ya hapo lami ikafika. Lakini ile miaka ya mwanzo iliitwa, na kwa haki kabisa, mchango wetu katika ukombozi wa Kusini mwa Afrika. Sasa niulize: juu ya mapipa yale alikaa nani? Mlima Kitonga, breki zikichemka, aliyeruka chini na gogo mkononi kulipachika nyuma ya tairi alikuwa nani? Akikosea hatua moja tairi linampanda. Hiyo kazi ya gogo haimo katika mtaala wa chuo chochote, lakini utingo wote wanaijua. Ndiyo mtihani wao.

Ni haki niseme kwamba kwenye makampuni makubwa ya umma ya enzi hizo utingo angalau aliweza kuwa mtu wa daftari la mishahara. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kilianza 1975. Sheria ya Usalama Barabarani ilitoka 1973, ikataka mwanafunzi awe na leseni ya kujifunzia na gari liwe na alama. Kwenye karatasi mambo yalikuwa mazuri. Lakini mashirika yalipoanza kuyumba, na biashara ilipofunguliwa kuanzia katikati ya miaka ya 1980, malori yakawa ya watu binafsi, tena wengi wenye lori moja au mawili ya mtumba. Huyo ndiye tunayemwita tajiri. Tajiri anamwajiri dereva, mara nyingi kwa maneno ya mdomo. Dereva anamtafuta utingo wake mwenyewe, anamlisha na kumkatia kitu kidogo kutoka kwenye posho ya safari. Tazama hesabu hiyo vizuri, ndugu yangu. Tajiri hamjui utingo. Dereva anamjua, lakini dereva si mwajiri, ni mwajiriwa mwenzake, hohehahe mwenye unafuu. Na kijana anaambiwa: "Twende, utajifunza kazi." Yaani malipo yake ni kujifunza, na kujifunza hakupigwi muhuri.

Zamani tulikuwa na mjomba. Kwetu Uluguru mjomba si mtu wa salamu tu, ukoo unafuata upande wa mama, na kijana akipatwa na jambo mjomba anaulizwa. Kwenye lori mjomba hayupo, na aliyekaa mahali pake ni mtu anayelipwa kwa safari, naye ana haraka.

Waluguru hawa si wageni wa kazi ya bure inayoitwa elimu. Mkoloni aliwalazimisha kuchimba matuta milimani akisema anawafundisha kuhifadhi udongo. Mazao hayakuongezeka, na Julai 1955 pale Matombo watu wakagoma, polisi wakafyatua risasi, mtu akauawa. Mpango ukafa. Natoka nje ya barabara kidogo, najua, lakini harufu ni ileile.

Turudi kwenye lori. Gari likianguka Mikumi usiku, nani analipa? Bidhaa zina bima. Gari lina bima, kama tajiri amekata ile kubwa. Bima ya lazima imewekwa kwa ajili ya mtu wa tatu, yaani huyu wa nje ambaye gari limemkuta. Aliyeumia akiwa kazini ameachiwa sheria ya fidia kwa wafanyakazi. Na sheria hiyo haikumsahau mwanagenzi. Tangu ile ya mkoloni mpaka ile ya mwaka 2008 iliyounda Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, anayejifunza kazi kwa mkataba anahesabika. Tatizo ni kuthibitisha. Mfuko, ulioanza kazi 2015, unakusanya michango kutokana na mishahara. Ambaye hana mshahara hana mchango, na tajiri akiulizwa anasema: huyo alikuwa abiria, alipewa lifti. Hapo kijana aliyekesha anafunga turubali anageuka abiria akiwa wodini.

Tena ikumbukwe tozo ya kuendeleza ufundi, iliyowekwa kwa waajiri pamoja na sheria ya VETA ya 1994. Nayo hupimwa kwa mishahara. Kwa hiyo tajiri anayefundisha vijana nje ya daftari hata tozo yao hailipi.

Hatari nyingine hazina hata jina sheriani. Safari za wiki nzima, gesti za njiani, miaka ile ya 1980 na 1990 UKIMWI ulipofuata barabara kituo kwa kituo. Utafiti mwingi ulifanywa kwa madereva wa masafa marefu, na utingo akawekwa humohumo kama kivuli. Au mzigo wenyewe. Agosti 10, 2019, Msamvu mjini Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakaja kuchota, moto ukalipuka na waliokufa wakazidi mia. Taifa lilijadili sana waliochota. Kwamba kuna watu ambao kazi yao ya kila siku ni kukaa hatua mbili kutoka kwenye tangi la namna hiyo, halikujadiliwa.

Aprili 10, 2015 madereva wa mabasi na malori waligoma nchi nzima. Ubungo palijaa abiria waliokwama. Madai yalikuwa mawili makubwa: mikataba ya ajira, na ile kanuni mpya iliyowataka kurudi shule kila leseni inapoisha baada ya miaka mitatu, kwa gharama zao wenyewe. Waziri wa Kazi, Gaudensia Kabaka, alikwenda Ubungo na kutangaza kwamba kanuni ya shule imeondolewa, mgomo ukaisha. Mei wakagoma tena kwa sababu mikataba haikuonekana. Mimi nilikuwa upande wao, na bado nipo. Mtu aliyefundishwa na barabara bila senti ya mwajiri, halafu unamwambia akajilipie shule ya kuthibitisha alichojifunza, unamtoza mara mbili. Serikali ilikuwa na hoja pia, ajali zilikuwa nyingi mno na watu walikuwa wanakwisha. Lakini hoja nzuri ilipelekewa bili mtu asiyestahili.

Katika madai yale sikumwona utingo. Dereva alidai mkataba kutoka kwa tajiri. Yeye mwenyewe hakuulizwa amemwandikia nini kijana wake. Na jibu lingekuwa gumu, kwa sababu kila dereva mkongwe aliyesimama Ubungo siku ile alipitia huko, alizungusha, alipachika gogo, akanusurika. Anaona ndivyo ilivyo. Waliokatwa miguu hawakuwa madereva, kwa hiyo hawakuwa kwenye mgomo. Wapo majumbani, Mikese na vijiji vingine vya kando ya lami, wanauza mahindi ya kuchoma kwa wanaopita.