Waya wa Moto Ulivyovuliwa Wekundu

Fungua plagi ya pasi au ya birika la umeme, utakuta ndani nyaya tatu: wa kahawia, wa buluu, na mmoja wenye mistari ya kijani na njano. Wa moto, yaani unaoleta umeme, ni ule wa kahawia. Wengi wetu tungetarajia moto uwe mwekundu, na kwa miaka mingi ulikuwa hivyo, angalau kwa Waingereza na sisi wa Afrika Mashariki tuliofungiwa umeme kwa utaratibu wao. Wekundu huo uliondolewa kwa makusudi.

Umeme ulipoingia majumbani huko Ulaya, kila nchi ilijichagulia rangi zake. Uingereza ilitumia nyekundu kwa moto, nyeusi kwa nyutro, yaani waya unaorudisha umeme, na kijani kwa athi, yaani waya unaoupeleka ardhini umeme uliovuja ili usipitie mwilini mwa mtu. Ujerumani ikaweka nyeusi kwa moto, kijivu kwa nyutro, na nyekundu kwa athi. Uholanzi kulikuwa kichekesho kabisa: moto ulikuwa wa kijani, nyutro nyekundu. Marekani nayo, moto mweusi na nyutro nyeupe, na haijabadilika hadi leo.

Vifaa vilipokuwa vinatengenezwa na kutumika nchi ileile, hayo hayakumsumbua mtu. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia biashara ikavuka mipaka. Fikiria pasi ya Kijerumani inauzwa Uingereza bila plagi, kama vifaa vingi vilivyouzwa huko hadi miaka ya 1990, na mnunuzi anachukua bisibisi ajifungie mwenyewe. Anaona waya mwekundu, anaufunga kwenye mguu wa moto. Kumbe kiwandani waya huo umeunganishwa na bati la pasi. Bati zima sasa lina volti 240, na mkono wa kwanza kuligusa ndio utakaogundua.

Palikuwa na kasoro nyingine, na hii haikuhitaji mpaka wowote. Katika wanaume wa asili ya Ulaya, takriban mmoja kati ya 12 ana shida ya kutofautisha nyekundu na kijani. Mkemia John Dalton aliieleza hali hiyo mbele ya wasomi wa Manchester mwaka 1794, akijitolea mfano yeye mwenyewe. Aliamini chanzo ni majimaji ya macho yake, kwamba yalikuwa ya buluu, akaagiza yachunguzwe atakapokufa. Alipofariki mwaka 1844 jicho lilifunguliwa, likakutwa halina buluu yoyote. Sasa zitazame tena rangi za Waingereza: moto nyekundu, athi kijani. Kati ya rangi zote duniani walichagua zile mbili ambazo watu wengi zaidi huzichanganya, wakazipa nyaya mbili ambazo kuzichanganya kunaua.

Suluhisho lilipatikana kupitia Tume ya Kimataifa ya Ufundi wa Umeme, IEC, yenye makao Geneva. Nyutro ikawa buluu, kwa sababu asiyeona vizuri nyekundu na kijani kwa kawaida buluu huiona bila taabu. Moto ukawa kahawia, rangi iliyopooza, lakini kwa mnunuzi wa Kiingereza haikubeba mazoea yoyote ya zamani ya kumpotosha. Athi ikapewa mistari, na hapo ndipo ninapowavulia kofia wahandisi hao. Hata asiyeitambua kijani huona kwamba waya huu una rangi mbili, moja imekoza na nyingine imefifia. Kanuni ikaongeza kwamba katika kila milimita 15 za waya, mojawapo ya rangi hizo isifunike chini ya asilimia 30 wala zaidi ya asilimia 70, nyingine ifunike sehemu iliyobaki. Hata ukikata kipande cha milimita 15 tu, rangi zote mbili zitaonekana.

Uingereza ilipitisha kanuni hizo kwa nyaya za vifaa mwaka 1969. Nyaya za ukutani zikaachwa na rangi zake za kale hadi 2004, mabadiliko yaliporuhusiwa, na 2006 yakawa lazima. Kwenye umeme wa fezi tatu mabadiliko hayo yalizaa mtego mpya. Zamani buluu ilikuwa fezi, yaani mmojawapo wa nyaya za moto, na nyeusi nyutro. Sasa nyeusi ni fezi na buluu ni nyutro. Rangi mbili zilezile zimebadilishana kazi, katika jengo lenye nyaya za enzi mbili. Ikabidi kanuni iagize kibandiko cha onyo kwenye boksi la fyuzi, maneno yaseme kile ambacho rangi zimeshindwa kusema.

Afrika Mashariki zipo nyumba za zamani ambazo ukutani mna nyekundu na nyeusi, ilhali waya wa friji iliyonunuliwa juzi ni wa kahawia na buluu. Kibandiko hakuna. Fundi mzoefu huuliza kwanza nyumba ilijengwa lini, kisha hutoa testa mfukoni kabla ya kugusa waya wa rangi yoyote.