Mabwana wa Meza ya Kijani

Kila ninapofundisha historia ya Ulaya katika miaka iliyotenganisha vita kuu viwili, hutenga kipindi kimoja kwa ajili ya dansi. Wanafunzi hushangaa. Wamekuja na madaftari yao, tayari kuandika juu ya Mkataba wa Versailles na kuporomoka kwa sarafu ya Ujerumani, nami nawazimia taa na kuwaonyesha wanaume kumi waliovaa suti nyeusi na vinyago vya wazee, wakibishana kuizunguka meza ndefu iliyotandikwa kitambaa cha kijani. Wanainamiana kwa adabu. Wananong'onezana, wanapiga meza, wanatishiana, kisha wanarudi kuinamiana. Mwishowe wanatoa bastola, wanafyatua hewani, na jukwaa linaingia giza. Vita vimetangazwa. Darasa la jioni, ambalo wengi wao ni watumishi wa umma waliotoka vikaoni saa chache tu kabla, ndilo linalocheka mapema zaidi.

Hilo ni onyesho la kwanza la Meza ya Kijani, baleti ya Kurt Jooss yenye muziki wa Fritz Cohen. Ilichezwa kwa mara ya kwanza tarehe 3 Julai 1932 katika ukumbi wa Théâtre des Champs-Élysées mjini Paris, kwenye shindano la kimataifa la watunzi wa dansi, ikatwaa tuzo ya kwanza ya faranga 25,000. Leo hutazamwa kama kazi ya zamani yenye heshima zake. Mwaka ule ilikuwa kitu kipya: baleti isiyo na binti mfalme wala majini ya ziwani, iliyochukua nidhamu ya baleti ya kale na kuichanganya na dansi mpya ya Kijerumani ili kusema jambo ambalo magazeti yalikuwa yakiadhibiwa kwa kulisema.

Jooss alizaliwa mwaka 1901. Vita Kuu vya Kwanza vilimkuta mtoto wa miaka kumi na mitatu na kumwacha kijana katika nchi iliyoshindwa. Mwaka 1927 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa shule ya sanaa ya Folkwang mjini Essen, na msomaji akumbuke kwamba Essen wakati huo ulikuwa mji wa makaa ya mawe na chuma, makao ya kampuni ya Krupp iliyotengeneza mizinga ya Kaisari. Hapo ndipo baleti dhidi ya vita ilipotungwa.

Chimbuko lake la kwanza, hata hivyo, liko kaskazini zaidi, katika mji wa bandari wa Lübeck. Ndani ya Kanisa la Mtakatifu Maria palikuwa na mchoro mrefu wa karibu mita 30, kazi ya Bernt Notke ya mwaka 1463, ambayo baada ya kuchakaa ilinakiliwa upya mwaka 1701. Ulionyesha ngoma ya Mauti. Kiunzi cha mifupa kinamshika mtu mkono, naye anamshika mwenzake, mpaka mnyororo unazunguka kuta: Papa, Mfalme Mkuu, malkia, kardinali, na kuendelea kushuka ngazi za jamii hadi mkulima, msichana na mtoto mchanga. Watu wa karne ile waliujua ugonjwa wa tauni, na waliona kwamba tauni haikumwogopa mwenye taji. Katika mchoro ule hakuna asiyechezeshwa, na wa kwanza kuchezeshwa ni wakubwa.

Jooss aliiona picha hiyo ikamkaa moyoni. Alitaka kuifanya mfululizo wa dansi, Mauti akikutana na mtu mmoja mmoja. Kama angeishia hapo, tungekuwa na kazi nzuri ya ibada na huzuni, ya kutukumbusha kwamba sote tutakufa. Lakini alikuwa pia msomaji wa Die Weltbühne, jarida dogo la Berlin ambalo Kurt Tucholsky na Carl von Ossietzky walikuwa wakilitumia kuonya kwamba vita vingine vinaandaliwa. Mwezi Machi 1929 jarida hilo lilichapisha makala iliyofichua jinsi Ujerumani ilivyokuwa ikijenga kwa siri jeshi la anga lililokatazwa na Mkataba wa Versailles. Mwezi Novemba 1931 Ossietzky, mhariri, alihukumiwa kifungo cha miezi kumi na minane kwa kosa la kufichua siri za taifa. Aliingia gerezani Mei 1932, na Jooss alipanda jukwaani Paris chini ya miezi miwili baadaye. Wakati huohuo Geneva palikuwa na mkutano mkubwa wa kupunguza silaha, uliofunguliwa Februari mwaka huo, huku Japani ikiwa imekwisha kuivamia Manchuria.

Hapa ndipo picha ya Lübeck ilipogeuzwa, na naomba msomaji aliangalie jambo hili kwa makini kwa sababu mara nyingi hupitwa. Katika maonyesho sita ya katikati, Mauti, ambaye Jooss alimcheza mwenyewe akiwa na kofia ya vita kichwani na mifupa iliyochorwa mwilini, anapita kama yule wa kanisani. Anawachukua askari. Anamchukua mwanamke mpiganaji anayemuua askari kisha kusimamishwa mbele ya bunduki. Anambeba mama mkongwe kati ya wakimbizi, kwa upole unaotisha kuliko ukali. Anamchukua msichana aliyepokezanwa na askari ndani ya danguro. Kando yao anazunguka mlanguzi mwenye kofia ya duara na glavu nyeupe, anayewavua maiti pete. Kisha taa zinarudi na tunaiona tena meza ya kijani, na mabwana wale kumi, wakiinamiana kama hapakutokea kitu. Mauti hakuwagusa. Notke alianza na Papa na Mfalme Mkuu. Jooss amewaacha wakubwa nje ya mnyororo. Mchoro wa tauni ulifundisha kwamba kifo ni sawa kwa wote, na Jooss, baada ya kuhesabu maiti wa 1914 hadi 1918, hakuweza tena kuliamini somo hilo.

Muziki ndio unaoibeba hukumu hiyo. Cohen aliutunga sambamba na dansi, kwa kushauriana na Jooss hatua kwa hatua, akauandika kwa piano mbili tu. Piano mbili hazina pa kujificha. Hakuna vinanda vya nyuzi vya kulainisha uchungu. Mauti anapokanyaga chini, mdundo wake mzito unarudiarudia bila kuchoka, kama mashine iliyowashwa na kusahauliwa. Lakini mabwana wa mezani Cohen hakuwapa muziki wa kutisha hata kidogo. Aliwapa tango. Katika Ulaya ya siku hizo tango ilikuwa muziki wa mahoteli makubwa, wa watu walioshiba wakisubiri kahawa. Inakuja mwanzoni, na tunacheka. Inakuja tena mwishoni, tango ileile, ishara zilezile, na kicheko kinakwama kooni, maana sasa tunajua kilicholala kati ya tango ya kwanza na ya pili. Nimewahi kumwona mtumishi mmoja wa umma, mtu mzima mwenye cheo chake, akitazama chini wakati wa onyesho hilo la mwisho. Sikumwuliza kitu.

Jooss hakuwa akiifikiria Afrika, wala sitaki kumvika joho lisilo lake. Lakini vita alivyovitungia dansi vilipiganwa hapa pia. Tanga, Taveta, Tabora, Mahiwa: majina hayo yamo katika historia ya vita vilevile, na makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa kwa njaa, kuhara na uchovu, wakibeba risasi za ugomvi ambao hawakuuanzisha. Jina la Kariakoo limebaki kutoka katika kikosi chao. Mwaka 1919, mezani huko Ufaransa, Tanganyika ikapewa Uingereza na Ruanda-Urundi Ubelgiji. Hakuna mpagazi aliyeketi kwenye meza ile. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927, miaka mitano kabla ya baleti hii, inamwonyesha mwenye bunduki akisonga mbele. Mwenye mzigo kichwani hana sanamu hapo.

Turudi Essen. Hitler alipochukua madaraka mwaka 1933, Jooss alitakiwa kuwaondoa Wayahudi katika kundi lake, wa kwanza akiwa Cohen. Jooss hakuwa Myahudi. Alikuwa na tuzo ya Paris mkononi, na angeweza kutafuta mwanamuziki mwingine kama wengi walivyofanya mwaka ule, wakijiambia kwamba wanaiokoa sanaa. Alikataa. Hatua zile zilizaliwa pamoja na muziki ule, na mtu aliyekwisha kuonyesha jukwaani jinsi ambavyo wenye adabu huwaachilia wengine wafe asingeweza kumwinamia ofisa na kumtoa mwenzake. Wakaondoka wote, kwanza Uholanzi, kisha wakapata hifadhi Dartington, kusini-magharibi mwa Uingereza. Humo nako mambo hayakuwa mepesi: mwaka 1940 Waingereza walimweka Jooss kizuizini kwa kuwa ni Mjerumani. Cohen aliishia Marekani, akafundisha katika shule ya muziki ya Juilliard. Ossietzky alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel ya mwaka 1935 akiwa mfungwa, akafa Mei 1938 kutokana na mateso ya kambini.

Na picha ya Lübeck? Usiku wa kuamkia Jumapili ya Matawi, mwezi Machi 1942, ndege za Uingereza ziliupiga mji ule mabomu ya moto, na kanisa likaungua pamoja na mchoro wake.

Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili aliwahi kunyanyua mkono baada ya taa kuwashwa. "Mwalimu," akasema, "mbona hakuna anayewakamata?" Nilimjibu kwa kumsimulia yaliyotokea Chile.

Baada ya safari ya Amerika Kusini, wachezaji watatu wa Jooss, Ernst Uthoff, mkewe Lola Botka na Rudolf Pescht, walibaki Santiago mwaka 1941, wakaanzisha shule ya dansi chini ya Chuo Kikuu cha Chile. Kutoka shule hiyo ikazaliwa Baleti ya Taifa, na mwaka 1948 Jooss mwenyewe alikwenda kuwafundisha Meza ya Kijani. Kijana wa Kiingereza aitwaye Joan Turner, aliyevutwa na dansi baada ya kulitazama kundi la Jooss wakati wa vita, alijiunga nalo vita vilipokwisha, kisha mwaka 1954 akahamia Chile na kucheza katika Baleti hiyo ya Taifa. Huko aliolewa na Víctor Jara, mwongozaji wa tamthilia na mwimbaji. Mwezi Septemba 1973 wanajeshi walimpindua Rais Salvador Allende. Jara alikamatwa chuoni alikokuwa akifundisha, akapelekwa katika uwanja wa michezo wa ndani uliogeuzwa kuwa gereza, akateswa, akauawa kwa risasi. Joan aliutambua mwili wake chumba cha maiti, akamzika karibu kwa siri, kisha akaondoka nchini na binti zake wawili.

Kwa nusu karne alidai majina. Mwaka 2016 baraza la wazee wa mahakama huko Florida lilimkuta ofisa mmoja wa zamani wa jeshi la Chile, aliyekuwa akiishi Marekani kwa amani, kuwa anawajibika kwa kifo cha Jara. Mwezi Agosti 2023 Mahakama ya Juu ya Chile ilithibitisha hukumu dhidi ya maofisa saba wastaafu wa jeshi. Joan alikuwa angali hai. Alifariki Novemba mwaka huohuo, akiwa na miaka 96, na wiki chache baadaye yule wa Florida alirudishwa Santiago, ambako polisi walikuwa wakimsubiri uwanja wa ndege.