Selimundu: Kinasaba kimoja huwa kinga dhidi ya malaria

Kwa mkazi wa Kagoma, wilayani Muleba, mkoani Kagera, malaria na selimundu ni magonjwa mawili yasiyoelekea kuhusiana. Hata hivyo, malaria ndiyo iliyoufanya ugonjwa wa selimundu udumu katika ukanda wa Ziwa Victoria.

Selimundu, ambao wengi huuita sikoseli, hutokana na hitilafu ndogo katika kinasaba cha himoglobini, protini inayobeba oksijeni katika damu. Mtoto aliyerithi hitilafu hiyo kwa baba na kwa mama huugua. Chembe zake nyekundu hujipinda mfano wa mundu, huziba mishipa midogo, naye huandamwa na maumivu makali na upungufu wa damu. Aliyerithi kwa mzazi mmoja tu kwa kawaida haugui, na mara nyingi hajui kuwa ni mbebaji.

Zamani watoto wengi wenye ugonjwa huo walifariki kabla ya kupata watoto wao. Ilitarajiwa basi kinasaba hicho kipungue hadi kitoweke, lakini hakikutoweka.

Jibu lilipatikana Afrika Mashariki. Mwaka 1949 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, aligundua kuwa wabebaji walikuwa wengi pwani na kandokando ya ziwa, yaani kwenye malaria, na wachache katika nyanda za juu. Matokeo aliyochapisha mwaka 1954 yalihusu watoto 290 wa Uganda. Miongoni mwa watoto 247 wasio na kinasaba hicho, 113 walikuwa na vimelea vya malaria. Miongoni mwa wabebaji 43, walikuwa 12 tu. Nusu karne baadaye, mwaka 2005, watafiti wa Kilifi, Kenya, walionyesha kuwa ubebaji hupunguza malaria kali kwa karibu asilimia 90. Kinga dhidi ya malaria ya kawaida ni ndogo zaidi, takriban asilimia 50.

Miongoni mwa sababu zinazotajwa ni kwamba chembe ya mbebaji ikivamiwa na kimelea hujipinda upesi, na wengu huiondoa kabla kimelea hakijakomaa.

Kaskazini magharibi mwa Tanzania wabebaji ni wengi. Uchunguzi wa watoto wachanga zaidi ya 17,000, uliochapishwa mwaka 2020, ulikuta karibu mmoja kati ya watano ni mbebaji. Kwa hesabu hiyo, si ajabu wabebaji wawili wakaoana bila kujua. Kwa wanandoa hao, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa mtoto kuugua, na kipimo cha damu kabla ya ndoa ndicho kinachoweza kuwajulisha.

Mbebaji naye huumwa malaria, hivyo chandarua bado kinamhusu. Mwenye ugonjwa wenyewe hana faida hiyo: malaria humzidishia upungufu wa damu na yaweza kumuua haraka.