Zero ya Mezani: Historia Isiyomo Ndani ya Sanduku

Juu ya kabati la vitabu ofisini mwangu kuna ndege ya kivita ya Japani. Ni mfano wa plastiki nilioujenga kwa mikono yangu kwa muda wa miezi saba, usiku, baada ya kusahihisha mitihani. Wanafunzi wanaoniletea rasimu za tasnifu huitazama kabla hawajaketi, na wengine huuliza kwa adabu kama ni ya mwanangu. Mwaka jana mmoja wao, kijana mwenye msimamo mkali katika mijadala ya chuo, aliuliza swali zito zaidi: "Dokta, wewe unayetufundisha habari za ubeberu, unawezaje kuipamba ofisi kwa silaha ya mabeberu?" Nilimjibu kwa mzaha, naye akacheka kwa kuniheshimu tu. Makala haya ni jibu nililopaswa kumpa siku ile.

Nianze na kitu chenyewe. Mfano huo ni wa Mitsubishi A6M5, toleo mojawapo la ndege inayojulikana duniani kwa jina la Zero. Umetengenezwa na kampuni ya Tamiya ya mjini Shizuoka kwa uwiano wa 1 kwa 32, maana yake kila sentimita moja ya plastiki husimama badala ya sentimita 32 za ndege halisi. Ndege halisi ilikuwa na upana wa meta 11 kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa. Yangu ina sentimita 34 na ushei. Katika ukubwa huo hakuna cha kufichwa. Injini ina silinda zake 14 katika safu mbili, magurudumu hukunjwa na kuingia tumboni, chumba cha rubani kina mikanda, vishikio na saa za vipimo zenye tarakimu zinazosomeka kwa kioo cha kukuzia. Hata ribiti zilizoshikanisha mabati zimechorwa moja moja juu ya ngozi ya ndege.

Wengi hudhani kwamba mchezo huu ni masalia ya vita, kitu kilichozuka amani iliporudi. Mambo yalikwenda kinyume. Uingereza ilikuwa ikiuza vifurushi vya ndege za plastiki tangu mwaka 1936, na mwaka 1942 Jeshi la Wanamaji la Marekani liliziomba shule za nchi hiyo zichonge mifano 500,000 ya ndege kwa mbao, ili askari na walinzi wa anga wajifunze kuitambua ndege ya adui kwa umbo lake. Watoto wa shule walichonga Zero kabla ya kaka zao kukutana nazo. Uwiano uliotumika, wa 1 kwa 72, ndio uleule ambao kampuni ya Airfix ya London iliutumia mwaka 1953 kuuza Spitfire yake ya kwanza kwa vijana wa Uingereza. Kwa hiyo uchezaji na ufundishaji wa vita vilikuwa ndugu tangu mwanzo, na sioni haja ya kujifanya sivyo.

Tuje kwa Zero. Mwaka 1937 jeshi la wanamaji la Japani lilitoa orodha ya matakwa ambayo wahandisi wengi waliona hayatekelezeki: ndege iwe na mwendo mkali, ifike mbali, igeuke upesi, ibebe mizinga, na ipae kutoka kwenye sitaha ya meli. Jiro Horikoshi, mhandisi kijana wa Mitsubishi mjini Nagoya, alilitatua fumbo hilo kwa kupunguza uzito. Alitumia aloi mpya ya alumini, akatoboa matundu katika kila kiungo kilichoweza kutobolewa, na ndege za mwanzo zikatoka bila bamba la chuma la kumkinga rubani. Ilipokamilika ndege ya kwanza, Machi 1939, ilifumuliwa vipande na kupakiwa kwenye mikokoteni ya ng'ombe, ikasafirishwa kilomita zipatazo 48 hadi uwanja wa Kagamigahara, kwa kuwa barabara mbovu zingeiharibu kama ingebebwa kwa lori. Tarehe 1 Aprili ikaruka. Nawaomba wanafunzi wangu wa uchumi wa siasa waitafakari picha hiyo ya ng'ombe wawiliwawili wakivuta ndege ya kisasa kuliko zote za bara la Asia. Dola inayowekeza kila kitu katika silaha huweza kuwa na ndege bora na isiwe na barabara.

Jeshi liliipokea rasmi mwaka 1940, ambao kwa kalenda ya kifalme ulikuwa mwaka wa 2600, na sifuri ya mwisho ndiyo iliyoipa jina. Masanduku ya mifano hupenda kuchorwa Pearl Harbor. Lakini Zero iliingia vitani zaidi ya mwaka mmoja kabla ya hapo, juu ya anga la Chongqing nchini China, tarehe 13 Septemba 1940. Zero 13 zilipambana na ndege za Kichina zilizozidi idadi hiyo maradufu, na hakuna Zero iliyoangushwa. Kazi yake ilikuwa kuyasindikiza mabomu yaliyokuwa yakiteremshwa juu ya raia wa mji huo. Marubani wa China waliokufa siku ile sijawaona kwenye sanduku lolote.

Japani ilipokwisha kushindwa, wakuu wa majeshi yaliyoikalia walipiga marufuku utengenezaji wa ndege hadi mwaka 1952. Shizuoka, mji wenye mafundi hodari wa mbao, ulikuwa umeunguzwa kwa mabomu Juni 1945. Tamiya ilianza pale mwaka 1946 kama kiwanda cha kupasua mbao, ikahamia kwenye mifano ya mbao, kisha kwenye plastiki mwaka 1960 kwa manowari Yamato. Leo eneo hilo ni makao makuu ya mchezo huu duniani. Umakini wao hauna mfano: katika miaka ya 1970 Shunsaku Tamiya, mtoto wa mwasisi, alinunua gari la Porsche 911 na kulifumua lote ili kuelewa lilivyoungwa, na gari lenyewe likawa mfano wa plastiki. Ninakiri kwamba umakini huo ndio ulioninasa. Katika taaluma yangu nimesoma vitabu vizima vilivyoandikwa kwa uangalifu mdogo kuliko karatasi ya maelekezo iliyomo ndani ya sanduku la Tamiya.

Nilipofika kwenye hatua ya rangi ndipo nilipokwama, na ndipo historia ilipoanza kunisumbua.

Wajenzi wa Zero hubishana kuhusu rangi kama wanafiqhi wanavyobishana kuhusu udhu. Ndege za mwanzo zilikuwa za kijivu, lakini kijivu kipi? Kilichoelekea kijani, au kilichoelekea rangi ya kahawia ya sukari iliyoungua? Ndani ya mbawa na mahali pa magurudumu palipakwa vanishi ya buluu-kijani inayong'aa, ili chumvi ya bahari isiile metali. Wajapani waliiita aotake, yaani mwanzi mbichi. Chumba cha rubani kilikuwa na kijani kimoja katika ndege zilizotoka Mitsubishi na kingine katika zile zilizotoka Nakajima, kampuni iliyounda zaidi ya nusu ya Zero zote. Kuna watu wazima, wenye shahada, waliokata miongo wakilinganisha vipande vya bati vilivyookotwa visiwani ili kulimaliza suala hilo. Nilisoma mabishano yao kwa wiki tatu. Nilichokuwa nakitafuta hatimaye ni swali ambalo sikuliona likiulizwa: rangi hiyo ilipakwa na nani?

Nimepata sehemu ya jibu. Katikati ya mwaka 1944, wasichana wapatao 300 walichukuliwa kutoka Korea, iliyokuwa koloni la Japani, na kupelekwa kwenye viwanda vya ndege vya Mitsubishi mjini Nagoya. Wengi wao walikuwa na umri wa kati ya miaka 12 na 15. Waliahidiwa shule na mshahara. Baadhi yao walishawishiwa na walimu wao wenyewe, na nalitaja hilo kwa sababu mimi ni mwalimu. Walipofika hapakuwa na shule wala mshahara. Walikata mabati ya alumini, walifuta kutu kwa kiyeyushi cha rangi, kile ambacho mafundi wetu wa mitaani hukiita tina, kisha wakapaka rangi. Miaka mingi baadaye walieleza jinsi mvuke wake ulivyowachoma macho na pua.

Sidai kwamba Zero ninayoiiga ilipitia mikononi mwao. Karakana waliyofanyia kazi iliunda hasa ndege za upelelezi. Ninachodai ni kwamba ilikuwa kampuni ileile, mji uleule, na rangi za aina ileile. Mimi nilipopuliza rangi yangu nilivaa barakoa na kufungua madirisha, kwa kuwa maelekezo yalinionya juu ya mvuke.

Tarehe 7 Desemba 1944, saa saba na nusu mchana, tetemeko kubwa la ardhi lilipiga mwambao wa kusini wa Japani. Karakana hiyo ilikuwa hapo awali kiwanda cha nguo, na ili kupata nafasi ya kuunganisha ndege, sehemu za kuta na nguzo zilikuwa zimeondolewa. Ikaporomoka. Walikufa watu 57, sita kati yao wakiwa wasichana wa Kikorea. Magazeti yalizuiwa kuandika ukubwa wa maafa, kwani adui asingepaswa kujua. Kwa hiyo wafu hao walizikwa mara mbili, kwanza chini ya kifusi, kisha chini ya siri ya dola.

Walionusurika walirudi kwao baada ya vita na kunyamaza. Katika jamii ya Korea, jina la kikosi chao lilichanganywa na la wanawake waliolazimishwa kuwahudumia kingono askari wa Japani, na msichana aliyejulikana kuwahi kupelekwa Japani alihofia kuachwa na mumewe. Waliovunja ukimya huo kwanza walikuwa wananchi wa Nagoya yenyewe. Mwalimu wa historia wa sekondari alianza kuulizia majina ya waliokufa katika tetemeko, akagundua kwamba ya Wakorea hayakuwemo katika orodha. Mwaka 1988 waliwekewa kumbukumbu mahali kiwanda kilipokuwa. Mwaka 1999 wanawake hao, sasa wazee, walifungua kesi mjini Nagoya. Walishindwa katika ngazi zote hadi mwaka 2008, hasa kwa hoja kwamba mkataba wa mwaka 1965 kati ya Japani na Korea Kusini ulikuwa umeyamaliza madai yote. Mwaka uliofuata serikali ya Japani iliwarudishia makato yao ya mfuko wa pensheni: yen 99 kwa kila mmoja. Kichupa cha rangi nilichotumia kupaka chumba cha rubani kinauzwa Japani kwa bei inayozidi hiyo.

Tarehe 29 Novemba 2018 Mahakama Kuu ya juu kabisa ya Korea Kusini iliiamuru kampuni ya Mitsubishi Heavy Industries iwalipe fidia. Kampuni haikulipa. Mwaka 2023 serikali ya Seoul ilipendekeza fidia hiyo itolewe na mfuko wa Korea yenyewe, na baadhi ya waliokuwa hai waliikataa fedha hiyo. Watumishi wa umma wanaonisoma wataielewa mantiki ya serikali, kwani uhusiano wa nchi mbili una thamani yake. Hata hivyo naona bibi wa miaka tisini na kitu aliyekataa wakati ule pesa kwa sababu mlipaji siye aliyekosa aliielewa sheria vizuri kuliko wanasheria wengi.

Na sisi? Zero haikuwahi kuruka juu ya Tanga, lakini ushindi wake ulifika huko. Mwaka 1942 Japani ilipoiteka Malaya, Ufilipino na visiwa vya Indonesia, Waingereza walipoteza mpira na nyuzi za kamba kwa mkupuo mmoja. Katika Tanganyika, mashamba ya mpira yaliyotelekezwa tangu bei ilipoanguka mwaka 1913 yalifufuliwa, mkonge ukahitajiwa kuliko wakati wowote, na serikali ya kikoloni ikaanza kuwakamata wanaume kwa nguvu ya sheria wakagema na kukata. Tunawakumbuka, ijapokuwa kwa uchache, askari wetu waliopigana Burma. Mgema mpira wa kulazimishwa hana mnara. Spitfire ya Uingereza nayo ina mifano mikubwa ya kupendeza, ya 1 kwa 32 na hata 1 kwa 24, yenye matairi ya mpira.

Kijana yule alirudi muhula huu, nikamweleza haya yote badala ya mzaha. Hakuniambia niiondoe ndege. Aliuliza majina ya wale wagema yanapatikana wapi. Nilimwelekeza kwenye taarifa za mwaka za idara ya kazi zilizoko Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, nikamtahadharisha kwamba atakuta idadi nyingi na majina machache. Wazee wenyewe wamekwisha. Aliyekuwa na miaka 18 mwaka 1943 leo angekuwa amefika au kuipita 100. Ameamua kuanza na wajukuu zao, Muheza.