Ruzuku za usafiri usio wa barabara: Jinsi maombi yanavyoandaliwa na kupimwa Oregon

KATIKA majimbo mengi ya Marekani, fedha za usafiri ni fedha za barabara. Mwenye gari hulipa ushuru kwa kila galoni ya mafuta, ushuru huo huingia katika mfuko maalumu, nao mfuko hujenga na kukarabati barabara na madaraja. Bandari ndogo ambayo gati lake linaoza, kampuni ya reli ambayo mataruma yake yamechakaa, au mji wa mashambani wenye uwanja wa ndege unaotegemewa kuwasafirisha wagonjwa mahututi, hawana mlango wa kubisha katika mfuko huo. Kimbilio lao, pale lipatikanapo, ni ruzuku ya jimbo, na ruzuku hiyo hutolewa kwa ushindani wa maombi.

Jimbo la Oregon, lililo kwenye pwani ya Bahari ya Pasifiki kaskazini mwa California, lina mojawapo ya mifano iliyo wazi zaidi ya utaratibu huu. Mpango wake huitwa Connect Oregon, na ili kuelewa kwa nini fomu zake huuliza yale yanayoulizwa, sharti kwanza kutazama katiba ya jimbo hilo.

Ibara ya 9 ya katiba hiyo, sehemu ya 3a, yaagiza kwamba mapato ya ushuru wa mafuta na ada za magari yatumike kwa barabara na vituo vya mapumziko vilivyo kando yake, basi. Asili ya sharti hilo ni kura ya wananchi ya mwaka 1942, nalo likaandikwa upya mwaka 1980. Wakenya wanayo tozo ya matengenezo ya barabara inayokatwa kwa kila lita ya mafuta, ila hiyo imewekwa kwa sheria ya bunge ya mwaka 1993. Ya Oregon imo ndani ya katiba, na kuibadilisha kwahitaji kura ya umma.

Mwanya mdogo ulipatikana mwaka 1971, wakati bunge la jimbo lilipopitisha sheria inayotaka angalau asilimia 1 ya fedha za barabara itumiwe kwa njia za waendao kwa miguu na kwa baiskeli. Hata hivyo, njia hizo lazima ziwe ndani ya eneo la barabara yenyewe. Njia ya baiskeli inayopita bustanini au kando ya mto, mbali na magari, haikunufaika. Reli, gati na uwanja wa ndege pia vilibaki nje.

Mwaka 2005 bunge likaidhinisha hati za dhamana za dola milioni 100 kwa usafiri wa angani, majini, kwa reli na wa umma. Hati hizo zingelipwa kwa mapato ya bahati nasibu ya jimbo. Chanzo hiki hakikuchaguliwa kwa kubahatisha. Wananchi walipoidhinisha bahati nasibu mwaka 1984, katiba ilielekeza mapato yake katika kuzalisha ajira na kukuza uchumi. Ndiyo maana hadi leo swali la kwanza linaloulizwa kuhusu mradi ni kama utampunguzia mfanyabiashara wa Oregon gharama ya kusafirisha bidhaa, au kumfikisha mfanyakazi kazini. Uzuri wa gati au umaarufu wa reli si hoja.

Bunge lilitoa milioni 100 nyingine mwaka 2007, na kiasi kama hicho mwaka 2009. Baadaye mkono ukapungua: milioni 40 mwaka 2011, milioni 42 mwaka 2013 na milioni 45 mwaka 2015. Ni katika awamu ya 2013 ambapo miradi ya baiskeli na ya waendao kwa miguu iliruhusiwa kuomba kwa mara ya kwanza.

Mageuzi makubwa yalikuja na sheria ya usafiri ya mwaka 2017. Badala ya kutegemea hati za dhamana pekee, sheria hiyo ilianzisha tozo ya nusu ya asilimia moja ya bei ya gari jipya, inayolipwa na wauzaji magari kwa idhini ya kufanya biashara hiyo. Wauzaji walikwenda mahakamani wakidai kuwa huo ni ushuru wa magari uliofichwa chini ya jina jingine, na kwa hivyo ulipaswa kwenda barabarani. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya Oregon iliamua dhidi yao. Sheria hiyo hiyo ilileta ushuru wa dola 15 kwa kila baiskeli mpya ya dola 200 au zaidi, jambo lililozua minong'ono mingi katika jimbo lisilo na ushuru wa mauzo kabisa. Usafiri wa umma nao ulitengewa mfuko wake, unaotokana na makato madogo ya mishahara, ukaondolewa katika Connect Oregon. Njia za baiskeli zilizo mbali na barabara zikapata mpango wake wenyewe.

Ni nani, basi, awezaye kuomba? Mlango ni mpana. Miji, kaunti, mamlaka za bandari, makabila ya wenyeji yanayotambuliwa na serikali ya shirikisho, na hata kampuni za kibinafsi zote zaruhusiwa. Jambo la kampuni hushangaza wengi, lakini sababu yake ni nyepesi: sehemu kubwa ya reli za Marekani ni mali ya watu binafsi, na jimbo likikataa kushirikiana nao halitakuwa na reli ya kuikarabati. Linaloangaliwa ni kama mradi una manufaa kwa umma. Fedha hulipia rasilimali za kudumu, kwa mfano gati, njia ya kupishana treni, ghala la shehena au lami ya uwanja wa ndege. Mishahara, mafuta ya feri na gharama nyingine za uendeshaji hazilipiwi.

Sharti linalowaangusha wengi ni mchango wa mwombaji. Awamu za mwanzo zilitaka achangie angalau asilimia 20 ya gharama; baadaye kiwango kikapandishwa hadi 30. Kampuni kubwa za reli za daraja la kwanza, ambazo katika Oregon ni Union Pacific na BNSF, hutakiwa kutoa nusu. Kwa mradi wa dola milioni 2, mji mdogo unapaswa kuonyesha dola 600,000 zilizo tayari. Ahadi ya mdomo ya diwani haitoshi. Kinachohitajika ni azimio la baraza, barua ya benki au hati ya ruzuku nyingine iliyokwisha kuidhinishwa. Waombaji wazoefu huunganisha vyanzo: uwanja mdogo wa ndege, kwa mfano, hupata sehemu kubwa ya fedha kutoka kwa mamlaka ya shirikisho ya usafiri wa anga, halafu huomba jimbo lisaidie kuziba pengo. Upo hata mpango mwingine wa jimbo, unaogharimiwa na ushuru wa mafuta ya ndege uliopandishwa kwa sheria ya mwaka 2015, ambao husaidia kulipa mchango huo.

Pia kuna kipimo cha utayari. Sheria yataka wakaguzi watazame kama mradi uko tayari kujengwa, na hapa ndipo maombi mengi yenye maneno matamu hukwama. Gati kwenye mto unaopitika na meli lahitaji kibali cha kikosi cha wahandisi wa jeshi chini ya sheria ya shirikisho ya mwaka 1899. Ujenzi unaomwaga udongo au mawe majini huguswa na sheria ya maji safi ya mwaka 1972. Isitoshe, idara ya samaki na wanyamapori ya Oregon imeweka miezi maalumu ambayo kazi ndani ya mto huruhusiwa, ili samaki wa samoni wasivurugwe. Mwombaji akikosa miezi hiyo kwa sababu kibali kilichelewa, husubiri mwaka mzima huku bei za chuma na saruji zikipanda. Tangu mwaka 1973 Oregon pia ina sheria kali ya mipango ya matumizi ya ardhi, kwa hivyo barua ya serikali ya mtaa inayothibitisha kuwa mradi unaafiki mpango wa eneo ni hati ya kuanza nayo mapema. Uwanja wa ndege lazima uonyeshe kwamba kinachojengwa kimo katika ramani yake iliyoidhinishwa. Anayetaka kujenga kwenye reli isiyo yake huhitaji ridhaa ya mwenye reli.

Mbali na ajira na utayari, wakaguzi hupima mambo mengine yaliyotajwa katika sheria: kama mradi una faida ya kiuchumi kwa jimbo zima, kama ni kiungo muhimu kinachounganisha sehemu za mfumo wa usafiri, ni kiasi gani cha gharama kinachoweza kubebwa na vyanzo vingine, na kitakachojengwa kitadumu muda gani. Neno "kiungo" lina uzito. Gati lisilofikiwa na reli wala barabara, au reli inayoishia kichakani, hupata alama duni hata kama ujenzi wake ni imara.

Maombi huwasilishwa kwa Idara ya Usafiri ya jimbo, ambayo kwanza hukagua kama yamekamilika na kama mwombaji anastahiki. Baadaye hupelekwa kwa kamati za wataalamu wa kila aina ya usafiri na kwa kamati za kikanda. Bunge liligawa jimbo katika kanda 5 na kuhakikishia kila moja sehemu ya fedha, ili Portland isimeze kila kitu. Orodha hizo huunganishwa, umma husikizwa, na uamuzi wa mwisho ni wa Tume ya Usafiri ya Oregon. Kikao cha umma si mapambo. Mwaka 2014 ombi la kupanua gati la Port Westward, kwenye Mto Columbia, lilizua mvutano mkali kwa kuwa gati hilo lilihusishwa na mpango wa kusafirisha makaa ya mawe kwenda Asia. Idadi ya ajira peke yake haikutosha kuwanyamazisha wapinzani.

Manufaa ya mpango huu yaonekana vizuri zaidi Coos Bay, kusini mwa pwani ya Oregon. Mnamo Septemba 2007 kampuni iliyomiliki reli inayounganisha eneo hilo na mji wa Eugene iliifunga ghafla, ikisema mahandaki yake si salama. Viwanda vya mbao vilivyotegemea treni vikalazimika kutumia malori kupitia barabara za milimani. Mamlaka ya bandari ya eneo hilo haikukubali kuona njia ikifa. Iliinunua mwaka 2009 baada ya mvutano uliofika mbele ya wadhibiti wa reli wa serikali ya shirikisho, ikakusanya fedha za shirikisho na za jimbo, zikiwemo za Connect Oregon, na mwezi Oktoba 2011 treni zikarejea. Hapa vigezo vyote vilikutana: mwenye mali alijulikana, wateja walikuwepo tayari wakisubiri, na hasara ya kutofanya kitu ilikwisha kuonekana kwa macho.

Mambo hayakuwa hivyo kwa vituo viwili vya kupakia makontena vilivyotengewa fedha moja kwa moja na sheria ya 2017. Kampuni kubwa za meli za makontena zilikuwa zimeihama bandari ya Portland mwaka 2015, na wakulima wakabaki kupeleka mazao yao kwa malori hadi bandari za Seattle na Tacoma. Bunge likaamua kujenga vituo ambako shehena ingehamishiwa kwenye treni. Kimoja kilijengwa Millersburg, kwenye ardhi ya kilichokuwa kiwanda cha karatasi, baada ya kushindana na pendekezo la Brooks. Kiwanja na reli vilikamilika, ila kupata mwendeshaji na treni za kukihudumia kukawa kibarua kigumu. Cha pili, cha dola milioni 26, kilikusudiwa kuwasaidia wakulima wa vitunguu wa Nyssa, kaunti ya Malheur, mpakani mwa Idaho. Gharama zilizidi fedha zilizokuwapo, na mwaka 2023 kazi ikasimama.

Kwa anayeandaa maombi, tofauti ya visa hivi ni somo kuhusu barua mbili ambazo hazina mbadala. Ya kwanza ni ya mteja, yaani kiwanda au chama cha wakulima kinachosema kitasafirisha tani ngapi kwa mwaka. Ya pili ni ya mwenye treni au meli, anayesema atasimama pale na kwa masharti gani. Makadirio ya mshauri, hata yawe na michoro ya kupendeza, hayawezi kuchukua nafasi yake. Makadirio ya gharama nayo yatiwe akiba ya kupanda kwa bei, kwani ruzuku ikishaidhinishwa haipandi, na kila dola inayozidi hutoka mfukoni mwa mwombaji.

Kuna jambo jingine ambalo wageni katika mpango huu hulijua wakiwa wamechelewa. Ruzuku hailipwi mapema. Mwombaji aliyefaulu hutia saini mkataba, hujenga kwa fedha zake au za mkopo, kisha huwasilisha ankara na stakabadhi ili arudishiwe fungu la jimbo. Kazi iliyofanywa kabla ya mkataba kutiwa saini hairejeshewi fedha. Kwa hivyo mamlaka ndogo ya bandari yenye bajeti finyu huhitaji kupanga mkopo wa muda wa benki kabla mkandarasi hajaingia kazini, na riba ya mkopo huo iingizwe katika hesabu zake tangu siku ya kwanza.